Waliochuja uchafu wa Facebook wakiwa Nairobi: kati ya tajiri na wakala, nani awajibike?

Mwana wa Pangani (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeukalia muda mrefu. Leo nauandika wote, na ni mrefu, mnivumilie.

Mwaka 2021 nilikuwa Nairobi nikifanya kazi ya kusoma na kupanga maandishi ya Kiswahili kwenye kompyuta. Kampuni siitaji, na haimo katika kesi nitakazozieleza hapa chini. Sentensi inakuja kwenye skrini, unaisoma, unabonyeza: hili ni tusi, hiki ni kitisho, hii ni ya ngono, hii ni salama. Inakuja nyingine. Mia kadhaa kwa zamu moja. Karatasi ya kutunza siri nilisaini kabla sijaonyeshwa hata meza ya kukalia. Tuliambiwa ni "kazi ya lugha", na mimi nimesomea lugha, nikafurahi kweli. Wiki ya tatu yakaanza kuja maandishi yanayohusu watoto. Sitayaeleza hapa. Nilidumu miezi 9. Mpaka leo nikimwona mtoto mdogo kwenye daladala amekaa na mtu mzima, moyo unanienda mbio, najikuta nimewakazia macho mpaka washuke.

Na mimi nilisoma maandishi tu. Kuna wenzetu, katika jiji hilo hilo, waliotazama video.

Wengi mmesikia habari ya Daniel Motaung. Ni kijana wa Afrika Kusini aliyeletwa Nairobi mwaka 2019 na kampuni ya Sama, iliyokuwa na mkataba wa kuchuja maudhui ya Facebook kwa nchi nyingi za Afrika. Ameeleza hadharani kwamba video ya kwanza aliyowekewa mbele ilikuwa ya mtu anayekatwa kichwa. Alipojaribu kuwaunganisha wenzake wadai mshahara bora na matibabu ya akili, akaachishwa kazi. Februari 2022 jarida la TIME likaichapa habari yake, likaandika kwamba baadhi ya wafanyakazi walikuwa wanaondoka na kiasi cha dola 1.50 kwa saa. Tarehe 10 Mei 2022 akafungua kesi Nairobi dhidi ya Sama na dhidi ya Meta yenyewe, wenye Facebook.

Hilo jina la pili ndilo lililonifanya niandike. Kumshtaki wakala ni jambo la kila siku. Kumleta tajiri mwenyewe kutoka California mbele ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ya Kenya, hilo lilikuwa geni.

Meta walijibu kama ambavyo ungetegemea: hatuna ofisi Kenya, hatufanyi biashara Kenya, hawa hatukuwaajiri sisi, mahakama hii haituhusu. Februari 2023 Jaji Jacob Gakeri akakataa kuwaondoa kwenye kesi.

Kabla hata uamuzi huo haujatoka, Januari 2023, Sama walikuwa wametangaza kuachana na kazi ya kuchuja maudhui, na watu wapatao 260 wakaambiwa ajira imekwisha. Kazi ikahamia kwa wakala mwingine, Majorel. Waliofukuzwa wakasema walipoomba kazi huko walinyimwa kwa sababu tu walitokea Sama. Zaidi ya 180 wakaenda mahakamani. Hao si Wakenya peke yao. Walikuwamo Wahabeshi, Wasomali, Waganda, Waafrika Kusini, watu walioletwa kwa sababu ya lugha za mama zao. Ukifukuzwa kazi ugenini na kibali chako cha kuishi kimefungwa kwenye kazi hiyo hiyo, unajua mwenyewe unabaki na nini.

Juni 2023 Jaji Byram Ongaya, katika uamuzi wa muda, alisema kitu ambacho nilikisoma mara tatu. Kazi ilikuwa ya Meta. Mahali pa kazi, maana yake ule mfumo wa kompyuta unaoingia asubuhi na kutoka jioni, palikuwa pa Meta. Vipimo vya kazi vilikuwa vya Meta. Wakala alikuwa wakala. Kwa hiyo Meta ndiye mwajiri mkuu, na akaamuru wapatiwe huduma ya afya ya akili. Meta wakakata rufaa. Upatanishi nje ya mahakama ukajaribiwa mwaka huo, ukavunjika. Tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikatupa rufaa zao: mnashtakika Kenya.

Desemba 2024 ikaja ripoti ya daktari. Dkt. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, aliwapima hao waliofungua kesi, na zaidi ya 140 wakakutwa na maradhi ya kiwewe, yale yanayowapata askari waliotoka vitani. Hawa walikuwa wamekaa kwenye viti, ndani ya ofisi ya Nairobi, wakituondolea mimi na wewe machinjo ili tukifungua simu tukutane na picha za harusi.

Niliyekaa kwenye kiti cha aina hiyo nawaeleza ilivyo. Wakala anakupa kiti, kitambulisho na hati ya mshahara. Tajiri anakupa kila kitu kingine. Kanuni za nini kifutwe na nini kibaki zinatoka kwake, na zikibadilika usiku, asubuhi unazikuta zimebadilika na kiongozi wa timu yako hajui kwa nini. Sekunde ngapi utumie kwa kila kitu, yeye. Ukikosea, asilimia yako ya usahihi inashuka kwenye mfumo wake. Mtu anayekupangia mpaka sekunde, kesho akikuita "mfanyakazi wa watu wengine", mimi sikubali.

Naomba michango yenu. Nitarudi.

Kijiwe cha Mwenge

Pole sana mkuu kwa uliyopitia. Ila niulize kwa moyo mweupe, maana nina wadogo zangu wawili wana digrii na wako nyumbani. Kazi hizi zikiondoka tunapata nini? Nimesoma kwamba baada ya hizi kesi kazi ya kuchuja ilihamishiwa Accra, Ghana. Kwa maana hiyo Wakenya wameshinda kesi na wamepoteza ajira. Si bora wangeomba maboresho kimyakimya?

Mwana wa Pangani

Mkuu, swali lako ni la haki.

Kwanza, hao walioomba kimyakimya ndio hao hao walioachishwa. Motaung alianza ndani ya kampuni, hakuanzia kwa wakili.

Pili, mwezi Mei 2020 Facebook ilikubali kulipa dola milioni 52 kwa wachuja maudhui wa Marekani, zaidi ya watu 11,000, kwa sababu ya madhara yale yale ya akili. Kila mmoja alistahili walau dola 1,000, na wenye maradhi yaliyothibitishwa zaidi ya hapo. Na wale nao walikuwa chini ya mawakala, wala hawakuajiriwa na Facebook moja kwa moja! Marekani ilipodai haikuambiwa "basi tunahama". Zikaandikwa hundi. Hiki kitisho cha kuhama kinatolewa kwetu tu, na sisi tumekizoea kiasi kwamba tunakitoa wenyewe kabla mwenye kampuni hajafungua mdomo.

Tatu, ni kweli Accra. Mwaka 2025 vyombo vya habari vya Uingereza viliripoti kwamba huko nako wachuja maudhui wanalalamikia kiwewe, sonona na mishahara duni, na wanasheria wanaandaa kesi. Kwa hiyo waliohama hawakukimbia gharama. Walihama nayo, wakaikuta imewasubiri Accra.

Kilichoniuma zaidi kilitoka kwetu wenyewe. Mwishoni mwa 2024 ulipelekwa Seneti ya Kenya muswada wa kurekebisha sheria za biashara, wenye kipengele cha kumkinga mteja wa kampuni ya uwakala asishtakiwe na wafanyakazi wa wakala. Na Rais Ruto, Desemba mwaka huo, akawaambia watu wa sekta hiyo hadharani kwamba sheria imebadilishwa ili wasisumbuliwe tena mahakamani. Yaani mlango ambao akina Motaung waliusukuma kwa miaka miwili, ukataka kufungwa kwa kipengele kimoja.

Dada wa Moshi

Kaka, nimesoma yote nikiwa nimeshika kichwa. Mdogo wangu wa mwisho amepata barua wiki hii. Kazi ya "kuchakata data kwa lugha ya Kiswahili", mafunzo ya wiki mbili, mkataba wa miezi sita, mshahara kwa hali yetu ni mzuri. Anatakiwa kusaini Ijumaa. Nilikuwa nimeshamshonea gauni la kuanzia kazi. Nimwambie nini?

Mwana wa Pangani

Dada yangu, usimkataze. Nitakuandikia hapa hapa, nipe jioni moja nifikirie vizuri.

Wakili Mstaafu Kisauni

Niongeze upande ambao mleta mada hakuugusa, maana waliowekwa kuchuja ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni wale ambao uchafu haukuchujwa, ukawafikia.

Profesa Meareg Amare alikuwa mwalimu wa kemia Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia, Mtigray kwa kabila. Oktoba 2021, vita vya Tigray vikiwa vimepamba moto, zikawekwa Facebook taarifa zenye picha yake, jina lake na mahali anapoishi, zikimsingizia mambo. Mwanawe Abrham akaziripoti kwa kampuni kwa kutumia njia ile ile tunayopewa sote. Kimya. Tarehe 3 Novemba watu wenye silaha wakamfuata mzee mpaka nje ya nyumba yake, wakampiga risasi. Jibu la Facebook likamfikia Abrham siku 8 baada ya mauaji.

Sasa tazameni tarehe. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo, Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wao, alikuwa ameketi mbele ya Seneti ya Marekani akieleza kwamba mtandao huo unachochea uhasama wa kikabila Ethiopia. Chini ya mwezi mmoja kabla. Hakuna mtu wa kusema hawakuambiwa.

Desemba 2022 Abrham, pamoja na Fisseha Tekle, mtafiti wa haki za binadamu wa Amnesty International, na shirika la Kenya liitwalo Taasisi ya Katiba (Katiba Institute), wakaenda Mahakama Kuu ya Nairobi. Kwa nini Nairobi? Kwa sababu wachuja maudhui ya Ethiopia walikuwa wamekaa Nairobi. Wanaidai Meta ibadilishe algoriti yake, yaani kanuni za kompyuta zinazoamua tuonyeshwe nini, isiyasukume mbele maandishi ya chuki, iajiri watu wa kutosha wa lugha zetu, na iweke mfuko wa fidia wa zaidi ya dola bilioni 1. Aprili 2025 mahakama ikasema ina mamlaka ya kuisikiliza.

Mimi nimefanya kazi ya sheria miaka mingi Mombasa. Nawaambieni, swali la mamlaka linaonekana dogo kwa asiyejua, lakini kwa kampuni kubwa ndilo vita yenyewe. Wakili wao akikushinda hapo, ushahidi wako haufunguliwi hata ukurasa wa kwanza.

Kijiwe cha Mwenge

Mzee wetu, hapo kwa profesa nimeishiwa neno.

Mtoto wa Lubumbashi

Jambo wote. Miye niko Katanga, Kongo, Kiswahili changu mtanisamehe, ni cha kwetu.

Mnaongea simu na yale yanayoonekana ndani yake. Miye nawakumbusha simu yenyewe. Karibu theluthi mbili au zaidi ya kobalti ya dunia, madini ya betri za simu, inatoka hapa kwetu, Kolwezi, Likasi, Fungurume, na sehemu yake inachimbwa na wachimbaji wa mkono, tunaowaita creuseurs. Wanashuka kwenye shimo bila mbao za kushikilia udongo. Wengine ni watoto.

Desemba 2019 familia za kwetu zilipelekewa kesi yao mpaka Washington, dhidi ya Apple, Google, Dell, Microsoft na Tesla. Watoto waliokufa kwenye mashimo, watoto waliovunjika miguu na mgongo. Mwaka 2021 ikatupwa. Wakakata rufaa. Machi 2024 mahakama ya rufaa nayo ikasema: kununua kobalti kupitia mnyororo mrefu wa wauzaji hakuzifanyi kampuni hizo kuwa washirika katika makosa ya waliowatumikisha hao watoto.

Someni tena kile jaji wa Nairobi alisema, halafu msome hiki. Ni hoja moja, majibu mawili. Kule, umbali kati ya tajiri na shimo umemwokoa tajiri. Nairobi, umbali haukumwokoa. Ndiyo maana miye nafuatilia hii kesi ya Kenya kama ni ya ndugu zangu wa tumbo moja.

Mwana wa Pangani

Ndugu yangu wa Lubumbashi, ahsante. Umeiona haraka kuliko mimi, nilikuwa naizunguka tangu nianze kuandika.

Umbali huo haukutokea kwa bahati. Unajengwa. Uchunguzi wa TIME wa Januari 2023 ulionyesha kwamba OpenAI, wenye ChatGPT, walipokuwa wanahitaji watu wa kusoma maandishi machafu ili mashine ijifunze kuyakataa, mkataba na Sama ulikuwa wa dola 12.50 kwa kila saa ya kazi. Aliyekaa kwenye kiti Nairobi alipata kati ya dola 1.32 na dola 2. Sisemi kwamba tofauti yote ni wizi. Kuna pango la ofisi, umeme, wasimamizi, kodi. Lakini tajiri akiulizwa kuhusu mshahara anaelekeza kidole kwa wakala, na wakala akiulizwa kuhusu vitu unavyosomeshwa anaelekeza kidole kwa tajiri. Mimi niliwahi kuuliza yote mawili wiki moja. Nilipewa chupa ya maji na nikaambiwa nipumzike dakika 15.

Samahani, hili bado linanichoma.

Mbeya Mjini

Na Tanzania tumejipangaje? Maana huwa tunasubiri Kenya washitaki sisi tusome.

Wakili Mstaafu Kisauni

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake. Kenya ya kwao ni ya 2019. Msizidharau sheria hizi mkadhani ni za karatasi tu. Mnakumbuka Worldcoin? Katikati ya 2023 watu walipanga foleni kwenye jumba la mikutano la KICC, Nairobi, wapigwe picha ya mboni ya jicho wapate sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000 za Kenya. Agosti serikali ikasimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo za macho zifutwe ndani ya siku 7 chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa sababu hakukufanywa tathmini ya kutosha ya madhara kabla ya kuanza, na ridhaa iliyonunuliwa kwa zawadi si ridhaa. Walioshitaki walikuwa wanaharakati, wakiegemea kifungu cha sheria ya kawaida ambacho kila mtu anaweza kukisoma.

Kwa upande wa mfanyakazi Tanzania bado iko nyuma, naona. Sheria ya usalama kazini ipo, lakini inamwona zaidi mtu anayeweza kukatwa na mashine. Anayeumia kwa kutazama hajaandikwa waziwazi.

Mbeya Mjini

Hapo kwenye "anayeumia kwa kutazama" inabidi wabunge wetu wapelekewe. Binamu yangu daktari alinicheka nilipomwambia kuna watu wanaumwa kwa kuangalia video. Nampelekea huu uzi.

Mwana wa Pangani

Sasa Dada wa Moshi. Nimerudi kwako kama nilivyoahidi.

Mdogo wako aende, lakini aulize kabla ya kalamu kugusa karatasi. Aulize kwa maneno haya haya: "Nitaonyeshwa nini?" Wakimjibu "maudhui mbalimbali", aulize tena: kuna picha au video za vifo, za watoto, za ubakaji? Kwa siku ngapi? Mtu mwaminifu atamjibu, hata kama jibu ni baya. Mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa naogopa kuonekana mshamba.

Aulize kazi ni ya nani hasa mwisho wa yote. Wasipotaka kulitaja jina la tajiri, aandike tarehe na jina la aliyekataa kumjibu. Akina Motaung walikuwa na kitu cha kumwonyesha jaji kwa sababu kuna watu walitunza karatasi na ujumbe.

Mshauri wa afya ya akili yupo? Anaajiriwa na nani, na yale anayoambiwa anapeleka kwa nani? Kwetu alikuwepo mmoja, mama mpole sana, na tuliacha kwenda baada ya mwenzetu mmoja kuitwa na kiongozi wa timu kuulizwa jambo alilolisema mle ndani.

Karatasi ya siri asome mpaka mwisho. Siri za kampuni ni halali yao. Kumweleza daktari wako, mama yako au wakili wako kilichokupata, hiyo si siri ya kampuni. Wakimwekea sentensi inayomzuia hata hayo, akatae hiyo sentensi, na kama hawaifuti, aondoke.

Na aombe nakala ya mkataba aondoke nayo. Sijui nikwambieje hili liingie: nakala mkononi siku hiyo hiyo. Mimi yangu niliambiwa nitatumiwa kwa barua pepe.

Mwezi Mei 2023, Sikukuu ya Wafanyakazi, zaidi ya wachuja maudhui 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuanzisha chama chao cha wafanyakazi cha Afrika. Kazi hizi zina watu tayari. Akiingia, awatafute wiki ya kwanza. Asingoje aanze kuota ndoto mbaya kama mimi.

Dada wa Moshi

Nimemsomea yote kwa simu, neno kwa neno, akawa anaandika kwenye daftari. Amesema Ijumaa ataingia na daftari hilo. Nitaleta majibu waliyompa.

Mtoto wa Lubumbashi

Lete, dada. Tuko hapa.